Kurudi Mwanza Tena: Namna ya Kupanga Likizo ya Mahali Ulipokwisha Kufika

Wapo watu ambao kila wakipata likizo tiketi yao ni ya Mwanza. Wenzao kazini huwashangaa: Zanzibar ipo, Lushoto ipo, Mikumi ipo, sasa huko kwenye miamba wamesahau nini? Hawajasahau kitu. Mtu anayefika mji kwa mara ya kwanza hutumia nusu ya siku zake kuujifunza: daladala ipi inakwenda wapi, samaki wa kweli anachomwa kwa nani, chumba gani kina kelele. Akishajua hayo, likizo yake imekwisha. Anayerudi ndiye anayefaidi kile alichokwisha kukilipia mara ya kwanza.

Lakini kurudi nako kuna ufundi. Wengi hurudi wakitaka mwaka jana ujirudie kama ulivyokuwa, kwa watu wale wale, meza ile ile na jua lile lile, halafu huondoka wamenuna. Maelezo haya ni ya mtu ambaye Mwanza ameshafika angalau mara moja na anataka safari ya pili au ya tatu iizidi ya kwanza.

Jua kwanza unarudi kwa ajili ya nini

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Richard Gitelson na John Crompton, waliandika kuhusu wasafiri wanaorudi mahali pale pale, wakataja sababu tano. Kuna anayeogopa kupoteza pesa mahali asipopajua. Kuna anayependa aina ya watu atakaowakuta. Kuna aliyefungwa na kumbukumbu, hasa za utotoni. Kuna anayetaka kuona alichokikosa. Na kuna anayetaka kumwonyesha mtu mwingine kitu kilichomfurahisha yeye.

Ukizitazama vizuri, sababu hizi hazikai zote chumba kimoja. Anayeogopa kubahatisha anataka kila kitu kiwe kama zamani, na anayefuata alichokikosa anataka kipya. Mume akiwa wa kwanza na mke wa pili, ugomvi utaanza siku ya pili saa 4 asubuhi, mmoja akitaka kiti kile kile cha ufukweni na mwenzake akitaka kivuko cha kwenda kisiwa cha Ukerewe. Tatizo kubwa zaidi ni kwa aliyekulia Mwanza na sasa anawaleta watoto. Kwake yeye kila jiwe la Bwiru au Mabatini lina habari, ila kwa mtoto wa miaka tisa ni jiwe tu. Usimzungushe siku nzima kwenye kumbukumbu zako. Saa mbili zinatosha, na ziwe asubuhi kabla jua halijakali.

Kabla ya kulipa chochote, kila msafiri ajibu swali moja: "Kitu gani kikikosekana utasema hatukwenda Mwanza?" Kila mtu ataje kimoja tu. Majibu hayo ndiyo nguzo za safari, na hayaguswi hata mvua inyeshe. Mengine yote yanaweza kubadilika.

Chimba safari ya kwanza kwenye simu yako

Kama hukuandika kitu ulipotoka Mwanza mara ya kwanza, usijiamini kwamba unakumbuka. Fungua ujumbe wa malipo ya simu wa siku zile. Utakuta jina la uliyemlipa, kiasi na saa. Mpika samaki aliyekufurahisha, dereva wa bajaji, mwenye boti, wote wamo humo. Kisha fungua picha, kwa sababu kila picha hubeba tarehe na saa. Kwa nusu saa utakuwa umepata mambo manne: ulilala wapi na kwa bei gani, ulitumia wastani wa shilingi ngapi kwa siku, watu gani walikusaidia, na siku zile mwezi angani ulikuwa mchanga au mpevu.

Kwenye gharama, usipange kwa bei za mwaka jana. Ongeza moja ya tano juu yake. Ikibaki, vizuri. Mgeni anayerudi huumizwa na bei mpya kuliko mgeni mpya, kwa kuwa ana cha kulinganisha, na hapo ndipo anapoanza kugombana na watu ambao hawajamkosea.

Chagua tarehe kwa kuutazama mwezi

Wasafiri wengi huangalia mvua tu. Mvua ni muhimu, na hesabu yake si ngumu: vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, Januari na Februari mvua bado hunyesha, na Juni hadi Agosti ndiyo miezi mikavu. Ila kwenye Ziwa Victoria kuna kalenda nyingine inayopanga maisha ya mwaloni, yaani pale wavuvi wanapoteremsha samaki, nayo ni ya mwezi wa angani, siku 29 na nusu kila mzunguko.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola au betri. Taa huwavuta dagaa pale tu usiku ukiwa mweusi. Mbalamwezi ikishakuwa kali, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika, hutengeneza nyavu na kwenda kusalimia nyumbani. Kwa hiyo ukifika siku za giza utaona ziwa limejaa taa usiku kama mji mwingine uliotandazwa juu ya maji, na asubuhi mialo imechangamka, dagaa wabichi tele. Ukifika mwezi mpevu utakuta ziwa limetulia, miamba inang'aa kwa mbalamwezi, na dagaa wabichi ni wachache. Zote ni Mwanza, ila ni Mwanza mbili tofauti. Aliyekuja mara ya kwanza kwenye giza arudi kwenye mbalamwezi, na aliyeanza na mbalamwezi arudi kwenye giza. Hatujaona njia rahisi zaidi ya kuupata mji mpya bila kubadili hata gesti.

Giza lina upande wake mwingine. Karibu na mwezi mwandamo, vijidudu vya ziwani huibuka kutoka majini kwa mamilioni. Mchana utawaona kwa mbali kama moshi mweusi uliosimama juu ya maji. Upepo ukiwaleta nchi kavu jioni, hufuata taa. Hawaumi, lakini huingia kwenye chai, masikioni na kitandani. Mgeni asiyejua hulaumu usafi wa gesti. Funga madirisha kabla ya saa 1 jioni, zima taa ya nje, washa ya ndani baada ya kufunga pazia, na kula mapema.

Ukitaka ngoma, fuata kalenda ya tatu. Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma huko Bujora, Kisesa, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza, hufanyika kufuatia Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia siku ya 60 baada ya Pasaka. Kwa hiyo tarehe inahama kila mwaka, kwa kawaida ndani ya mwezi wa sita. Watu hukosea hapa: wanakwenda tarehe ile ile waliyoikuta mwaka uliopita na kukuta uwanja mtupu. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo hapo yanatosha kujaza nusu siku, ngoma ziwepo zisiwepo, na ngoma za watemi zilizohifadhiwa humo zinastahili kutazamwa polepole.

Desemba, watu wa Kanda ya Ziwa wanarudi makwao, na mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa. Kata tiketi mapema au chagua mwezi mwingine.

Chumba: omba namba yake

Anayerudi ana silaha ambayo mgeni mpya hana. Anaijua namba ya chumba. Aitumie. Wiki tatu au nne kabla, tuma ujumbe kama huu:

"Habari za kazi. Nilikaa kwenu chumba namba 14 mwezi wa saba mwaka jana. Natarajia kuja tena tarehe 6 hadi 11. Naomba chumba kile kile au kingine cha upande ule wa nyuma. Je, bei ya sasa ni shilingi ngapi na kifungua kinywa kimo? Ijumaa na Jumamosi muziki unazimwa saa ngapi?"

Swali la muziki liulizwe hivyo hivyo, kwa siku na saa. Ukiuliza kama pana utulivu utajibiwa ndiyo kila mahali. Sehemu nyingi za kulala zilizo kando ya maji zina baa, na mwishoni mwa wiki sauti husafiri juu ya maji kutoka hata baa ya jirani. Kama unataka kulala, fika Jumapili uondoke Ijumaa.

Jambo la pili ni upande. Katikati ya mji ziwa liko magharibi, kwa hiyo chumba chenye mandhari ya maji hupigwa na jua kuanzia saa 9 alasiri na ukuta hubaki na joto hadi usiku. Kama hakina feni nzuri au kiyoyozi, chukua cha upande wa mashariki, kisha utazame machweo ukiwa nje. Na hapo kuna kosa la wanaotoka Dar es Salaam: hufika ufukweni saa 12 jioni wakidhani wamechelewa. Jua la Mwanza huzama robo saa hadi nusu saa nyuma ya la Dar, mara nyingi karibu na saa 1 jioni. Kwa Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama majini, ukitaka picha yenye rangi za mawe nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Ukitaka kivuli cheusi juu ya maji ya dhahabu, nenda jioni.

Thibitisha tena siku mbili kabla. Usilipe pesa yote mapema kwa sababu tu mnajuana, kwani msimamizi wa mwaka jana anaweza kuwa hayupo tena, na mpya hana habari na wewe. Sehemu ya malipo inatosha kushika chumba.

Ongeza kimoja tu

Kwa likizo ya siku tano, sisi hushauri siku tatu za vitu unavyovijua, siku moja ya kitu kipya, na siku moja isiyopangwa kabisa. Wanaoweka vipya vitatu hugeuza mapumziko kuwa ziara ya kikazi. Wasioweka hata kimoja huanza kuchoka na mji siku ya nne na kudhani umeharibika.

Kipya kiende kwa ngazi. Aliyeishia mjini aende kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013 na ndogo kuliko zote nchini, kwa boti fupi kutoka Capri Point. Pimbi na mijusi ya kichwa chekundu huota jua kwenye miamba, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa yake. Beba kitambulisho ili ulipe kiwango cha raia, na usitegemee kulipa kwa fedha taslimu.

Safari inayofuata, vuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Lina urefu wa kilomita 3 na lilifunguliwa mwaka 2025. Kama mara ya mwisho ulipanga foleni ya kivuko pale, hii peke yake ni sababu ya kurudi. Simama Sengerema, kula, rudi. Ni nusu siku.

Ukerewe haifai kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua saa tatu hivi, na ukihesabu kusubiri, utakuwa umeona bandari tu. Lala usiku mmoja au miwili. Ukiogopa maji mengi, zunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, ambako kivuko cha kwenda Rugezi ni kifupi. Kisiwa cha Ukara kiache kwa safari nyingine inayofuata. Vivyo hivyo hifadhi ya kisiwa cha Rubondo, na lango la Ndabaka la Serengeti lililo kwenye barabara ya Musoma, kilomita 140 hivi kutoka Mwanza. Kila moja inastahili siku zake. Kubakiza kitu si hasara. Wanaomaliza kila kitu mara moja ndio wasiorudi.

Majini

Mazoea ndiyo hatari ya anayerudi. Mara ya kwanza aliogopa maji, mara ya tatu anapanda chochote.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka, upepo wa pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuzaa radi na dhoruba. Miezi ya mvua dhoruba hizo huweza kuwa bado zipo alfajiri, kwa hiyo tazama anga kabla ya kupanda, na wavuvi wakiwa wamekaa nchi kavu, kaa nao. Miezi mikavu, saa 1 hadi saa 4 asubuhi ndiyo wakati mzuri, na baada ya saa 6 mchana mawimbi huongezeka. Hesabu jaketi okozi kabla ya kuhesabu abiria, na livae, usilikalie. Chombo kikijaa, shuka hata kama umeshalipa. Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na kivuko cha MV Nyerere 20 Septemba 2018 karibu na Ukara ikiwa imezidisha abiria, wakafa zaidi ya watu 200. Makaburi ya waliokufa kwenye MV Bukoba yapo Igoma, na mgeni anayeupenda mji huu afike pale angalau mara moja kutoa heshima.

Usioge ziwani kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Kichocho kipo, na kila safari ni nafasi nyingine ya kukipata. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kumeza dawa ya prazikwanteli siku inayofuata pia hakusaidii, kwa sababu dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Ukishagusa maji, panga kipimo cha choo wiki sita hadi nane baadaye, ukiwa umesharudi kwako. Maji ya kuoga yaliyokaa kwenye tangi siku mbili, au yaliyochemshwa, hayana shida hiyo. Na chandarua kila usiku. Malaria ya Kanda ya Ziwa haina msimu wa kuiamini.

Watu

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wengi wanaorudi, jembe hilo ndilo wanalolifuata: kuitwa "mteja wangu" na muuza samaki, kuulizwa na mama lishe kama mtoto alipona. Hilo halinunuliwi, ila linaandaliwa. Piga simu mara moja katikati ya mwaka, hata dakika mbili, usiombe kitu. Ukifika, salimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" kuanzia mchana, na "Wabeja" kwa kushukuru. Uliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza bei. Siku ya kwanza usipunguze bei sana kwa mtu uliyemkuta mwaka jana, mpe nafasi akupunguzie mwenyewe. Na akiwa amefiwa, toa pole kwa mkono na rambirambi kidogo kama anavyofanya mwenyeji.

Sato wa kuchoma mwagize angalau saa moja kabla, na mchague mwenyewe: macho yanayong'aa na yaliyojaa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Muuzaji anayekufahamu hatachukia ukikagua. Akichukia, badili muuzaji.

Siku ya mwisho

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake mwaka 1993 waliwafanya watu watumbukize mkono kwenye maji baridi mara mbili. Mara moja ilikuwa dakika moja, mara nyingine dakika moja ileile na nusu dakika juu yake ya baridi iliyopungua kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia ipi, wengi walichagua ile ndefu, kwa sababu iliisha vizuri. Likizo nayo hukumbukwa kwa mwisho wake. Mtu aliyemaliza safari akikimbizana na boksi la samaki na bodaboda mwaka ujao husema Mwanza imechosha.

Kwa hiyo manunuzi yafanyike siku moja kabla, asubuhi, Mwaloni Kirumba. Dagaa wakavu wachukue waliokaushwa kwenye vichanja, si waliotandazwa mchangani. Sugua wachache kiganjani kisha tikisa: ukiona chembe, acha. Sato au sangara wa kusafiri wagandishwe usiku kucha kwenye friji la gesti (omba siku unayofika, si usiku wa mwisho), wafungwe kwenye nailoni mbili, kisha ndani ya boksi la kutunza baridi lililobanwa kwa gundi ya karatasi. Wasipoganda hadi ndani, njia ya basi ya kwenda Dar itawashinda kabla ya Dodoma. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, havina masharti, weka popote.

Mchana wa mwisho uache mtupu. Kaa karibu na maji, kula kile ulichokitaja kwenye swali la mwanzo. Ukipanda basi toa daftari na uandike: namba ya chumba na upande kinaotazama, saa muziki ulipozimwa, hali ya mwezi, jumla ya matumizi kwa siku, majina na simu za watu watatu, kilichokuudhi, na kitu kimoja ulichokiacha makusudi. Basi likifika Shinyanga, uwe umeshamaliza kuandika.